Jina Moja Lihesabiwe Mara Moja

Nilirudi Butembo, mashariki mwa Kongo, nikiwa na diploma, na sioni sababu ya kulisema jambo hilo kwa sauti ya chini. Niliondoka na begi moja na viatu vya kuazima. Nikauza nguo za mitumba Kampala miaka tisa, mchana sokoni, jioni darasani, nikatoka na karatasi yenye muhuri inayosema kwamba najua kuendesha kazi za ofisi kwa kompyuta. Hakuna mjomba aliyenilipia. Hakuna padri aliyeniombea nafasi. Karatasi hiyo nimeitia kioo na kuitundika sebuleni, katika nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga mwenyewe huku mtaani Bulengera, na kiti cha mgeni nimekielekeza upande wake.

Kwa hiyo chama cha wapenda sanaa wa Butembo na Beni kilipokwama, walikuja kwangu, na hawakukosea mlango.

Chama hicho kina tuzo ambayo hutolewa kwa kazi ya sanaa iliyogharimiwa na watazamaji wenyewe: mchezo wa kuigiza, picha, nyimbo, chochote, ilimradi kimelipiwa na watu wa kawaida waliokipenda, si mfadhili kutoka nje wala mheshimiwa anayetafuta kura. Wazo lenyewe ni la kwetu kabisa. Huku mtu anayengoja serikali imnunulie ngoma atazeeka akipiga makofi. Barabara zetu tumezichangia, shule tumezichangia. Kwa nini tusiwatuze wanaochangiwa?

Tatizo lilikuwa mapendekezo. Mwaka wa kwanza kila mtu aliruhusiwa kumpendekeza msanii anayemtaka, na mji ukafanya ulivyotaka. Mwimbaji mmoja alipendekezwa kwa karatasi arobaini, zote za mwandiko mmoja, na makosa ya herufi yaleyale. Mchungaji alipendekeza paa la kanisa lake. Seremala alijipendekeza mwenyewe kwa kitanda, akadai kwamba wateja wake ndio waliokigharimia, jambo ambalo ukilitafakari si uongo. Tuzo haikutolewa, na watu wakacheka wiki nzima.

Mwenyekiti wa chama ni mkuu wa shule mstaafu, mtu anayevaa tai hata akienda kununua maharage. Alikuja na mwavuli wake, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akaitazama diploma kwa muda unaostahili.

"Weye njo uko na diplome," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani yake. "Tuandikie kanuni. Mais zikuwe na meno."

Nilimwandikia kurasa saba, kanuni kumi na mbili. Niliyoipenda kuliko zote ni ya nne. Nilikuwa nikiirudia njiani peke yangu: *Kazi iwe imechangiwa na watu wasiopungua hamsini. Orodha iwe ya majina tu, bila maelezo. Jina moja lihesabiwe mara moja.* Maneno ya mwisho yalikuwa dawa ya yule mwimbaji wa karatasi arobaini. Niliyaona mafupi, makali, na ya haki.

Siku ya kuzipitisha, mjumbe mmoja tu alikunja uso. Ni Mwislamu wa Beni, si Mnande kama wengi wetu, mwenye lori la kubeba bidhaa kati ya miji yetu miwili. Kila mtu humwita Hadji.

"Jina moja mara moja?" aliuliza. "Huku kwenu Banande?"

"Hadji, hiyo ni mambo ya ordinateri," nilimjibu, maana kompyuta ndiyo ingehesabu.

Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, kanuni zikapita. Hadji alitazama dirishani kama mtu anayehesabu matone ya mvua.

Mapendekezo yalipofika, yalikuwa thelathini na moja, kila moja na orodha yake ya wachangiaji, zimechapwa na kutiwa kwenye kidude kimoja cha kuhifadhia mafaili. Mwingine angehitaji mwezi. Mimi nilitumia alasiri moja. Katika kompyuta kuna amri inayofuta kila kinachojirudia: unachagua safu ya majina, unabonyeza, yaliyozidi yanatoweka kama umande. Nilibonyeza mara thelathini na moja, nikanywa chai.

Pendekezo moja lilitoka Beu, kule Beni. Lilihusu mama mmoja mshonaji na pazia alilolishona. Orodha yake ilikuwa na majina mia moja thelathini na saba. Nilipobonyeza, yakabaki kumi na tisa. Nilitikisa kichwa, nikajisemea, huyu naye alidhani hatuna macho. Pembeni niliandika: *Haikubaliwi.* Kisha, bila kuombwa na mtu, nikaongeza: *Majina ya kubuni.* Matokeo yakabandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa parokia hapa Butembo, na nakala ikapanda lori la Hadji kwenda Beni.

Siku nne baadaye, siku ya Alhamisi, Hadji mwenyewe alikuja kwangu, viatu vimejaa tope. Alikaa, lakini diploma hakuitazama.

"Diplôme," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "unajua mambo ulifanya?"

"Nilifanya kazi, Hadji. Na muzuri."

"Batu ya Beu banataka kufumua pazia ya ule mama."

Sikuelewa, ikabidi anieleze kama anavyomweleza mteja mgumu. Pazia lile halikuchangiwa kwa pesa. Kila mchangiaji alitoa kipande cha kitambaa chake mwenyewe, na mama akavishona pamoja vyote. Sasa karatasi yangu ilikuwa imebandikwa pale Beu, na watu walikuwa wameisoma kwa namna yao: kwamba mshonaji alipokea vitambaa vyao, kisha akaficha majina yao na kuandika majina ya uongo. Mama mmoja anayeuza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge ndiye aliyeanza. Alisema kama jina lake halikupelekwa, kitambaa chake nacho kisibaki kwenye pazia. Wengine wakamfuata. Walikuwa wamepatana kuja Jumapili baada ya misa, kila mmoja na wembe wake, kufumua kilicho chake.

"Miaka tatu ya kushona," alisema Hadji. "Jumapili inaisha."

"Majina mia na thelathini na saba, yakabaki kumi na tisa," nilisema. "Mashine haina ndugu, Hadji."

"Mashine hapana ndugu, njo vile. Mais weye uko nabo."

Aliondoka bila kumaliza chai. Nilikasirika. Jumamosi asubuhi nilipanda lori lake, kompyuta mapajani, nikiwa na nia moja tu: kuwaonyesha watu wa Beu, kwa macho yao, kwamba mimi si mtu wa kubahatisha. Tuliacha baridi na ukungu wa vilima vyetu, tukateremka hadi joto la Beni likanivua koti. Hadji alizungumzia bei ya matairi njia nzima.

Mshonaji nilimkuta uani kwake. Ni mtu wa makamo, miwani yake imefungwa nyuma kwa uzi wa lastiki, cherehani yake ya miguu imewekwa chini ya ukingo wa bati. Wanawake wanane hivi walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Na nyuma yao, limetandazwa juu ya ukuta wa jirani kwa sababu halienei ndani ya chumba chake, lilikuwa pazia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, si kwa kitu kile. Chini kabisa lilikuwa ziwa, limeshonwa kwa vipande vya buluu ambavyo hakuna viwili vinavyofanana: sare ya shule, shati la kazi, kitenge cha harusi, neti ya mtumba. Mitumbwi ilikuwa ya kaki. Kutoka ziwani barabara nyekundu ilipanda, na juu yake pikipiki na wanawake wenye mizigo, mpaka kwenye vilima vya Butembo vilivyokuwa kijani cha vitenge vya kila parokia ninayoifahamu. Ukungu wa juu ulikuwa shali nyeupe za kubebea watoto. Nilitambua ukungu wa kwetu ule. Nilikuwa nimeuacha asubuhi ileile.

"Karibu, papa ya kanuni," alisema mshonaji, maana kwetu papa ni baba. Hakupaza sauti.

Niliiweka kompyuta juu ya cherehani, nikaifungua, nikajikohoza.

"Mama, ona. Orodha yako njo hii. Majina inajirudia. Jina ya kwanza hii, ulikuwa umeiandika mara kumi na saba."

"Soma hiyo jina."

Nilisoma. Aligeukia uani na kuita jina lile kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu alete maji.

"Eeh?" waliitika wanawake watatu kwa pamoja.

"Nani ananiita?" iliuliza sauti ya nne kutoka nje ya ua, na uso wa mama aliyekuwa akipita na ndizi kichwani ukachungulia.

Mshonaji hakucheka. Aliita jina jingine, la kiume safari hii, taratibu vilevile.

"Eeh?" niliitika mimi.

Niliitika kabla sijafikiri, kama nilivyomwitikia mama yangu maisha yangu yote. Hadji, aliyekuwa ameegemea mlango, alijifunika uso kwa kofia yake.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, inabidi niseme jambo ambalo mtoto wa miaka mitano wa Butembo analijua. Sisi Wanande jina la nyumbani hatulitungi. Linakuja na zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kiume ana majina yake, wa pili yake, wa tatu yake. Na wasichana hivyohivyo. Majina ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo sokoni ukiita mmoja wanageuka kumi, wala hakuna anayeshangaa. Shuleni na kwa padri tunaongezewa majina mengine. Lakini nani anampa mshonaji jina la cheti cha ubatizo? Unamwambia jina uliloitwa na mama yako, basi. Mimi mwenyewe ni wa pili wa kiume, na jina langu lilikuwa katika orodha ile mara kumi na mbili. Nilikuwa nimefuta kumi na moja, nikanywa chai.

"Kampala banafundisha kusahau jina mama yako alikupatia?" aliuliza mwanamke mmoja mwenye sauti nene. Ndiye yule muuza samaki. "Miaka ngapi ya masomo hiyo?"

"Tisa," alisema Hadji, ambaye hakuulizwa.

"Tisa! Na bado diplome inabaki safi."

Uani pote pakalipuka kicheko.

Mshonaji aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lililovimba kwa unyevu. Alilifungua mbele yangu. Kila mstari ulikuwa na jina, na baada ya jina, kitu kingine. *Anauza makaa pa mzunguko, alitoa kitenge ya ndoa yake. Mjane, jirani ya kisima, alitoa shati ya marehemu. Alitoka kijijini na watoto tu, alitoa shali ya mdogo.* Mistari mia moja thelathini na saba, na hakuna miwili iliyofanana. Daftari hilo ndilo lililopelekwa kuchapwa, lakini mchapaji alikuwa ameambiwa na kanuni yangu: majina tu, bila maelezo. Maelezo niliyoyakataza ndiyo yaliyokuwa watu.

"Miye sikuficha mutu," alisema mshonaji. "Uwaambie batu kesho. Si mimi niwaambie. Weye."

Nilimwomba Hadji simu. Tukampigia mwenyekiti, sauti tukaifungulia wote wasikie. Nilimweleza. Akajibu kwa sauti ya darasani:

"Kanuni si chapati, mwanangu. Hatuigeuze katikati ya moto."

"Hatugeuzi, Directeur. Iliungua tangu mwanzo. Na ni mimi niliipika. Uandike kwa kitabu ya chama kwamba ni mimi."

Kuyasema maneno hayo kulinigharimu kuliko miaka mitatu ya kwanza ya Kampala. Lakini nitajisifu hata kwa hili: niliyasema mara moja, bila kuzunguka.

"Donc," alisema mwenyekiti, na sauti yake ikawa tofauti, "ni huyu mama peke yake ulifuta hivi?"

Lilikuwa swali la mwalimu kweli. Niliketi palepale kwenye kigoda cha cherehani, nikarudisha orodha zote kama zilivyokuwa mwanzo, nikazipitia moja baada ya nyingine kwa macho, si kwa kitufe. Kulikuwa na nyingine nane. Wacheza ngoma wa kijijini, kikundi cha maigizo cha wakulima, mzee mmoja mchonga viti. Wote walichangiwa na watu wanaojulikana kwa majina ya nyumbani. Waliopita mtihani wangu bila shida walikuwa wenye ofisi na orodha za majina matatumatatu. Mwenyekiti alisikiliza idadi, akavuta pumzi, akasema wote tisa wapokelewe upya, na kanuni ya nne iandikwe tena kabla ya jua kuzama, tena palepale.

Tuliiandika uani. Mimi nilishika kalamu, wao walishika kanuni.

"Andika jina, pahali anakaa ao anafanya kazi, na kitu alitoa," alisema mshonaji.

"Na kama batu babili ba jina moja banauza makaa pahali pamoja?" niliuliza, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza hivyo.

"Utaandika mama yabo."

"Na kama mama ni moja?"

"Mama moja atazaa mutoto wa pili mara mbili?" alifoka muuza samaki. "Weye ulizaliwa namna gani?"

"Mapacha," alisema Hadji.

"Mapacha iko na majina yabo, Hadji, usituchanganyie kanuni."

Kisha yeye huyohuyo akauliza jambo ambalo katika kurasa zangu saba halikuwamo. "Miye sijue kuandika. Nikipenda kazi ya mutu, nitamupendekeza namna gani? Kwa samaki?"

Kwa hiyo tukaongeza kanuni ya kumi na tatu. Anayependekeza awe amechangia kazi hiyo yeye mwenyewe, kwa pesa, kwa kitu au kwa mikono. Asijipendekeze. Anaweza kupendekeza kwa mdomo, katika lugha yake, mbele ya watu wawili ambao si ndugu wa msanii, na mmoja wao aandike. Niliisoma kwa sauti. Nimeandika mambo mengi maishani mwangu, na hilo ndilo pekee ambalo watu walinikatiza kwa kulipigia vigelegele. Majaji bado hawajakaa ninapoandika haya, na sijui pazia litashinda au la. Wale wacheza ngoma ni wazuri sana.

Lakini Jumapili ilikuwa bado.

Walikuja baada ya misa, wakiwa wamevaa vizuri, baadhi na wembe umefungwa kwenye karatasi ndani ya mkono. Uani hapakutosha, wengine walisimama barabarani. Nilipanda juu ya benchi. Niliwaambia mimi ndiye niliyefuta majina, kwamba mshonaji hakuficha hata moja, na kwamba nitayasoma yote. Kisha nikafungua daftari.

Nilisoma jina, pahali, kitu. Mtu akasema "Niko," akasogea, akaweka kidole juu ya kipande chake. Ilichukua muda mrefu. Watoto walichoka wakaenda kucheza, jua likahama ukuta. Baadhi ya mistari haikuitikiwa. Mshonaji alisema tu, "Huyo alienda," au "Huyo alihama," nami nikaweka alama na kuendelea. Mama mmoja hakukipata kipande chake, akaanza kupaza sauti, mpaka mjukuu wake akakiona: kilikuwa tanga la mtumbwi. Alikigusa mara mbili.

Si kila mtu aliridhika. Fundi mmoja wa nguo, mzee, alisikiliza jina lake hadi mwisho, akaitika, kisha akasema bado anataka kitambaa chake. Hakutoa sababu. Watu walimnong'oneza, walimvuta mkono, lakini hakubadilika. Mshonaji hakubishana. Alichukua wembe kutoka mkononi mwake, akafumua uzi mmoja mmoja kwa uangalifu, akamkunjia kipande kile kama nguo ya mteja, akampa kwa mikono miwili. Mzee alishukuru na kuondoka. Katikati ya barabara nyekundu, kati ya ziwa na vilima, pakabaki tundu la ukubwa wa kiganja, na ukuta wa jirani ukaonekana kupitia humo.

Wote wakalitazama lile tundu. Nilifikiri, sasa wengine watafuata.

Muuza samaki ndiye aliyesogea. Alifungua kilemba chake kipya, chekundu, cha misa, akakata pembe moja kwa wembe aliokuja nao.

"Weka hii."

"Mama," nilisema, daftari mkononi, "jina yako iko tayari. Nilisoma. Siwezi kuandika mara ya pili."

"Nani alikutuma uandike?" alisema. "Shika hapa, ivutike muzuri."

Nikaliweka daftari chini, nikashika upindo wa pazia kwa mikono yote miwili na kuuvuta, na mshonaji akalamba uzi, akautunga kwenye sindano.